Usiishie kwenye ripoti ya mtaalamu, omba karatasi ya maabara

Jalada la kesi ya mzazi anayeshtakiwa kumuua mwanawe huwa na karatasi za aina mbili. Kuna ripoti ya mtaalamu: kurasa chache zilizopigwa chapa vizuri, mwishoni sahihi, na juu ya sahihi sentensi inayosema kilichomuua mtoto. Halafu kuna vile alivyovitazama mtaalamu kabla hajaandika: grafu ya mashine, slaidi za tishu, picha za mwili, majibu ya kuotesha bakteria, daftari la fundi wa maabara. Mahakamani husomwa ripoti. Makosa, kwa sehemu kubwa, hulala kwenye hivyo vingine, na ukifuatilia kesi hizi kwa muda utashangaa ni mara ngapi hakuna aliyeviomba.

Tuanze na grafu moja ya Missouri, Marekani.

Mwaka 1989 mtoto wa Patricia Stallings, wa miezi mitatu hivi, alifikishwa hospitalini akitapika na kupumua kwa shida. Maabara ilipima damu yake ikasema ina ethilini glaikoli, kemikali iliyomo kwenye maji ya kupozea injini ya gari. Mtoto akachukuliwa na kupelekwa kwa walezi, wazazi wakaruhusiwa kumwona kwa nafasi. Baada ya ziara moja aliugua tena, na mwezi Septemba akafariki. Damu ikapimwa tena, jibu likawa lile lile. Januari 1991 mama alitiwa hatiani na kufungwa maisha.

Mashine iliyotumika hufanya kazi hivi. Sampuli hupashwa joto hadi iwe mvuke, kisha gesi huusukuma mvuke huo ndani ya mrija mrefu mwembamba. Kila kemikali hutoka upande wa pili kwa wakati wake, na inapotoka mashine huchora kilima kwenye karatasi. Sasa, mashine haijui majina. Inachosema ni kwamba kuna kitu kimetoka dakika fulani, basi. Jina linatiwa na mtu, anayelinganisha kilima hicho na kilima cha kemikali anayoifahamu. Zipo kemikali zinazotoka karibu kwa wakati mmoja, na mojawapo ni asidi ya propioniki, ambayo hujaa kwenye damu ya mtoto mwenye ugonjwa wa kurithi uitwao methilimaloniki asidemia. Mtoto mwenye ugonjwa huo hutapika, hulegea, hupumua kwa kasi. Ukiwa umeshaambiwa utafute sumu, unaitazama karatasi na sumu unaiona.

Alipokamatwa Stallings alikuwa mjamzito. Alijifungua Februari 1990 akiwa mahabusu, na mtoto akapelekwa kwa walezi bila mama kupata nafasi ya kumlea. Huko kwa walezi akaanza kuumwa, akapimwa, akakutwa na methilimaloniki asidemia. Mtu angedhani kesi ingeishia hapo. Haikuishia. Juri, yaani jopo la raia lililomtia mama hatiani, halikuelezwa maana ya ugonjwa huo kwa kifo cha kaka wa mtoto huyo. Waliookoa jahazi ni William Sly na James Shoemaker wa Chuo Kikuu cha Saint Louis, ambao waliipata damu ya mtoto wa kwanza iliyokuwa bado imehifadhiwa, wakaipima upya na kukuta alama za ugonjwa, wala si sumu. Walikwenda mbali zaidi: walitia asidi ya propioniki kwenye damu safi wakaituma kwenye maabara kadhaa, na baadhi ya maabara zikarudisha jibu la ethilini glaikoli. Piero Rinaldo wa Chuo Kikuu cha Yale alipoyapitia majibu ya awali upande wa mashtaka wenyewe ulikubali, na Septemba 1991 mashtaka yakafutwa.

Kwa hiyo, ripoti ikisema sumu fulani imepatikana, usianze kubishana na neno sumu. Omba grafu yenyewe. Omba pia grafu ya sampuli halisi ya sumu hiyo iliyopimwa siku ile ile kwenye mashine ile ile, na grafu ya sampuli tupu isiyo na kitu. Uliza kama jibu lilithibitishwa kwa njia ya pili, hasa ile inayovunja molekuli vipande na kusoma uzito wa kila kipande, kwa sababu hiyo haidanganyiki kirahisi na vilima vinavyofanana. Na kabla ya yote uliza damu iliyobaki iko kwenye friza gani na itatupwa lini. Hoja nzuri hazina kazi kama chupa imeshamwagwa.

Kipimo cha awali si jibu

Australia ina mfano wake, na wengi wanaujua kwa jina la dingo, yule mbwa mwitu wa huko. Tarehe 17 Agosti 1980 Azaria, mtoto wa wiki tisa, alitoweka kwenye hema karibu na mwamba wa Uluru. Mama yake, Lindy Chamberlain, alisema tangu usiku ule kwamba dingo amemchukua. Oktoba 1982 alihukumiwa kifungo cha maisha kwa mauaji.

Ushahidi uliobeba kesi ulitoka ndani ya gari la familia, Holden Torana. Wataalamu wa serikali walisema wamekuta damu ya kitoto chini ya dashibodi. Njia yao ilikuwa na hatua mbili. Ya kwanza ni kipimo cha rangi: unapangusa doa, unadondoshea kemikali, ikigeuka buluu huenda ni damu. Tia mkazo kwenye "huenda", maana kemikali hiyo hugeuka rangi kwa vitu vingine pia, vumbi la shaba likiwamo. Hatua ya pili ni antiseramu, majimaji yenye chembe za kinga, iliyotengenezwa kuitambua himoglobini (protini ya damu) ya watoto wachanga, tofauti na ya watu wazima. Inapokutana na kile inachokitafuta, mstari huonekana kwenye sahani ya jeli. Lakini antiseramu isiyochujwa vizuri hushika na vitu visivyohusika, hivyo bila sampuli za kulinganishia mstari ule hausemi kitu. Upande wa utetezi ulipotaka kuziona sahani hizo, zilikuwa zimeshatupwa. Ndivyo maabara ilivyozoea kufanya.

Tume ya Jaji Trevor Morling ilipokuja kuchunguza, ikabainika kwamba ule mnyunyizo chini ya dashibodi ulikuwa dawa ya kuzuia kelele, aina ya lami inayopuliziwa kwenye magari kiwandani. Magari mengine ya aina ile yalikuwa nayo. Kipande cha nguo ya mtoto ambacho mama alisema siku zote alikuwa amekivaa kilipatikana mwanzoni mwa 1986 karibu na mapango ya dingo, na mama akaachiwa mwezi Februari. Hukumu zilifutwa Septemba 1988. Cheti cha kifo kinachomtaja dingo kilisubiri hadi 2012.

Kuna swali la kuuliza hapa ambalo ni rahisi mno kiasi kwamba wasomi hulikwepa: je, mmepima gari lingine? Kipimo kinachotoa jibu la "damu" kwenye gari la mshtakiwa kinapaswa kujaribiwa kwenye gari la mtu ambaye hajawahi kuwa na mtoto. Kisipojaribiwa hivyo hatujui kinapima nini.

Namba moja kwa milioni 73

Kesi ya Sally Clark ndiyo inayofundishwa zaidi, na mara nyingi hufundishwa nusu. Alikuwa wakili nchini Uingereza. Mwanawe wa kwanza alifariki Desemba 1996 akiwa na wiki 11, wa pili Januari 1998 akiwa na wiki 8. Novemba 1999, mahakama ya Chester ilimtia hatiani kwa kura 10 dhidi ya 2 za juri.

Daktari bingwa wa watoto, Sir Roy Meadow, aliiambia mahakama kwamba uwezekano wa familia ya aina ile kupoteza watoto wawili kwa vifo vya ghafla ni 1 kwa milioni 73. Namba hiyo ilitoka wapi? Utafiti wa vifo vya watoto wachanga ulikuwa umekadiria kwamba katika familia isiyo na mvutaji wa sigara, yenye mtu mwenye kipato, na mama asiye kijana sana, hatari ni 1 kwa 8,543. Meadow alizidisha 8,543 kwa 8,543. Fanya mwenyewe kwenye simu utapata 72,982,849.

Kuzidisha namna hiyo kunaruhusiwa tu kama kifo cha kwanza hakihusiani kabisa na cha pili, kama kurusha sarafu mara mbili. Watoto wa tumbo moja wana damu moja, kitanda kimoja, hewa moja, na ugonjwa wa kurithi haujali kama mama ni wakili. Waandishi wa utafiti wenyewe walionya kwamba hesabu hiyo haikuzingatia mambo ya kifamilia. Isitoshe, masharti yaliyoshusha hatari yalihesabiwa yote, ila lile linaloipandisha likaachwa: watoto wote wawili walikuwa wa kiume, na wavulana hufariki kwa njia hii zaidi ya wasichana. Meadow aliongeza mfano wa kubahatisha farasi wa 80 kwa 1 kwenye mbio za Grand National na kushinda miaka minne mfululizo. Mfano wenyewe, ukiuzidisha, unatoa kama milioni 41, lakini hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba mbio za mwaka huu hazijui nani alishinda mwaka jana. Mwili wa mtoto unabeba vya wazazi wake.

Kosa la pili ndilo linalowanasa hata watu wenye digrii. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba katika nchi fulani familia 4 hupoteza watoto wawili kwa vifo vya ghafla vya asili, na familia 1 huua watoto wawili. Vyote ni nadra sana. Ukiulizwa "ni nadra kiasi gani familia kupoteza wawili kwa kifo cha asili?" utajibu namba ya kutisha. Lakini mahakama ina mama ambaye watoto wake wawili tayari wamekufa. Swali lake ni jingine: kati ya familia 5 kama hizo, ngapi ziliua? Kwa namba zetu za mfano ni 1. Mtu anayekuambia jinsi kifo cha asili kilivyo nadra bila kukuambia jinsi mauaji ya aina hiyo yalivyo nadra amekupa mzani wenye sahani moja. Mwanahisabati Ray Hill alipofanya hesabu yenye sahani mbili alipata kwamba vifo viwili vya asili vina uwezekano mkubwa kuliko mauaji mawili, kati ya mara 4.5 na mara 9. Chama cha kifalme cha wanatakwimu cha Uingereza kilitoa tamko Oktoba 2001 kupinga matumizi ya namba ya Meadow.

Sasa nusu isiyofundishwa. Namba haikumtoa Sally Clark gerezani. Rufaa ya Oktoba 2000 ilikubali kwamba takwimu zina kasoro, kisha ikaamua kasoro hiyo haikubadilisha kitu. Kilichomtoa ni karatasi ya maabara. Mtaalamu wa patholojia aliyeupasua mwili wa mtoto wa pili alituma sampuli zioteshwe, na majibu yakaonyesha bakteria aina ya Staphylococcus aureus sehemu kadhaa za mwili, pamoja na maji ya uti wa mgongo. Majibu hayo hayakuingia kwenye ripoti yake wala hayakufika kwa utetezi. Yalikuwa kwenye kumbukumbu za hospitali, na familia ndiyo iliyoyafukua. Januari 2003 hukumu ilifutwa. Alifariki Machi 2007, akiwa na miaka 42.

Ukipewa ripoti ya uchunguzi wa maiti, hesabu vipimo vilivyoombwa na vipimo vilivyojibiwa. Fomu ya kuomba vipimo hukaa peke yake, na majibu hukaa peke yake. Ripoti ikisema "hakuna maambukizi", tafuta karatasi inayoonyesha sehemu zilizochukuliwa sampuli, kilichoota, na saa ngapi zilipita tangu kifo, kwa sababu baadhi ya bakteria huingia baada ya kifo na huo ni ubishi halali wa wataalamu. Lakini ubishi huo lazima ufanyike mbele ya mahakama. Mtu mmoja ofisini hawezi kuumaliza kwa kuacha mstari.

Jambo jingine kuhusu kesi hiyo: kifo cha kwanza kilikuwa kimeandikwa kuwa cha maambukizi ya kifua. Kiligeuzwa kuwa cha kubanwa pumzi baada ya kifo cha pili. Slaidi zilikuwa zile zile. Ukiona tarehe mbili kwenye maoni ya mtaalamu mmoja kuhusu mwili mmoja, uliza ni nini kipya alichokiona kwenye darubini katikati ya tarehe hizo. Kama jibu ni "nilisikia habari nyingine", hayo si maoni ya kitabibu tena.

Mwili usio na alama

Kumbana mtoto pumzi kwa kitu laini kunaweza kusiache alama yoyote. Kifo cha ghafla cha mtoto mchanga hakiachi alama. Moyo uliosimama kwa hitilafu ya umeme wake hauachi alama pia, kwa sababu nyama ya moyo huonekana salama. Mtaalamu akisema mwili huu "unaafikiana na kubanwa pumzi" amesema kweli, ila angeweza kusema kweli ile ile kuhusu vile vingine viwili. Neno "unaafikiana" limefunga wazazi wengi kuliko uongo.

Kathleen Folbigg, wa New South Wales, Australia, alipoteza watoto wanne kati ya 1989 na 1999. Mwaka 2003 alitiwa hatiani kwa mauaji ya watatu na kuua bila kukusudia kwa mmoja, akapewa miaka 40, ikapunguzwa kuwa 30. Nyuma ya hukumu kulikuwa na ile kanuni iliyopewa jina la Meadow: mmoja ni msiba, wawili ni mashaka, watatu ni mauaji mpaka ithibitishwe vingine. Kanuni hiyo inapendeza masikioni. Haijatokana na utafiti wowote, na inageuza kichwa chini jambo ambalo kila mkunga anajua, kwamba magonjwa hukaa ndani ya ukoo. Mama mmoja mfamasia aliyeshtakiwa Uingereza kwa vifo vya watoto watatu aliachiwa huru Juni 2003, baada ya juri kumsikia bibi yake mzaa mama akieleza kwamba naye alizika watoto watano wachanga.

Jeni za familia ya Folbigg zilipokuja kusomwa, timu ya Profesa Carola Vinuesa ilikuta badiliko kwenye jeni iitwayo CALM2, kwa mama na kwa mabinti wawili. Jeni hiyo hutengeneza protini inayosaidia kupima kalisi ndani ya seli za moyo, na ikiharibika mapigo yanaweza kuvurugika ghafla, hasa mtoto anapokuwa na homa au maambukizi. Mama mwenyewe alikuwa nayo na yu hai, na wengine waliona hilo ni pigo kwa hoja. Si pigo: badiliko lile lile huweza kumuua mmoja na kumwacha mwingine. Uchunguzi rasmi wa 2019 ulisema hauoni shaka juu ya hatia yake. Machi 2021 wanasayansi 90 walitia sahihi ombi la msamaha. Uchunguzi wa pili, chini ya Tom Bathurst, uliona shaka. Folbigg alisamehewa tarehe 5 Juni 2023 na hukumu zikafutwa tarehe 14 Desemba mwaka huo. Miaka 20.

Kwa mzazi aliyefiwa leo, hili lina matumizi ya moja kwa moja. Omba kwa maandishi, kabla ya maziko, kwamba kipande cha tishu kigandishwe kwa ajili ya kusoma jeni. Tishu iliyokaa kwenye fomalini, dawa ya kuhifadhia, miaka mingi hutoa jeni zilizokatikakatika. Kama mtoto alitobolewa kisigino siku za mwanzo, kile kikaratasi chenye matone ya damu kinaweza kutoa jeni na pia kipimo cha magonjwa kama ule wa Missouri. Uliza kiko wapi. Pimeni moyo wa wazazi na ndugu waliobaki kwa mashine ya umeme wa moyo, kwa sababu hiyo inaweza pia kumwokoa aliye hai.

Dalili tatu na nyumba iliyoungua

Nitapita haraka kwenye mtoto anayedaiwa kutikiswa, si kwa kuwa ni jambo dogo bali kwa kuwa linahitaji kitabu. Kwa miongo, damu chini ya utando wa ubongo, damu nyuma ya macho na uvimbe wa ubongo zilihesabiwa kuwa sahihi ya mtikiso hata bila jeraha la shingo wala alama ya kushikwa. Kasoro iko kwenye namna tafiti zilivyopangwa: watoto waliingizwa kundi la "waliotikiswa" kwa sababu walikuwa na dalili hizo, kisha ikatangazwa kwamba waliotikiswa wana dalili hizo. Shirika la Sweden la kutathmini mbinu za tiba, SBU, lilipitia tafiti mwaka 2016 likaona ushahidi hautoshi kupima usahihi wa kuzitumia dalili hizo tatu. Hiyo haimaanishi watoto hawatikiswi. Wanatikiswa, na wapo wazazi wanaoua. Ndiyo maana kipimo kinatakiwa kuwa kizuri.

Moto nao una hadithi za mafundi. Tarehe 23 Desemba 1991, Corsicana, Texas, nyumba ya Cameron Todd Willingham iliungua na mabinti zake watatu ndani. Wachunguzi walisema wanaona alama za kioevu kilichomwagwa: madoa yenye umbo la dimbwi sakafuni, na kioo chenye nyufa ndogondogo kama utando wa buibui, ambazo waliamini hutokana na moto mkali wa petroli. Nyufa hizo hutokea kioo cha moto kinapomwagiwa maji na wazima moto. Na madoa ya dimbwi hujitengeneza yenyewe chumba kizima kinapolipuka: gesi ya moto hujaa chini ya dari, joto linashuka, na ghafla kila kitu hadi zulia hushika moto kwa mkupuo. Huko Jacksonville, Florida, mwanzoni mwa miaka ya 1990, upande wa mashtaka ulichoma nyumba inayofanana na ya mshtakiwa bila petroli hata tone. Walitarajia mlipuko huo uchukue robo saa au zaidi. Ulichukua kama dakika nne na nusu, na sakafu ikabaki na madoa yale yale. Mashtaka yakafutwa. Willingham hakupata bahati hiyo, alihukumiwa kifo. Ripoti ya mwanasayansi Gerald Hurst iliyoupinga ushahidi huo ilifika kwa wakubwa wa Texas kabla, lakini Willingham akauawa kwa hukumu hiyo tarehe 17 Februari 2004.

Juri la Willingham lilisikia pia kwamba moto ukiwaka alisogeza gari lake. Lindy Chamberlain hakulia mbele ya kamera, na watu wakasema jina Azaria maana yake ni kafara jangwani, uzushi mtupu. Lisemwalo lipo, wakanong'onezana. Folbigg alijilaumu kwenye shajara, na mistari ya majuto ikasomwa kama ungamo hadi wataalamu wa saikolojia walipoieleza upya miaka 20 baadaye. Hakuna namna moja ya kuomboleza. Mzazi anayehojiwa usiku ule ule hubahatisha: labda nilimlalia, labda nilimfunika sana. Anajaribu kulijibu swali lake mwenyewe, na karatasi ya polisi haiandiki neno "labda" kwa herufi kubwa. Mtu aliye karibu naye, awe shangazi au jirani, amsaidie kuandika saa na matukio tu: alinyonya lini, alilazwaje, nani alimgusa, dawa gani na kiasi gani. Sababu awaachie wengine, na asihojiwe bila wakili.

Kusema "sijui"

Angela Cannings, mama mwingine wa Uingereza aliyeshtakiwa kuua wanawe, alitiwa hatiani Winchester mwaka 2002 na kufutiwa hukumu Desemba 2003. Mahakama ya rufaa ilieleza Januari 2004 kwamba kesi inayotegemea karibu kabisa mgongano wa wataalamu wenye heshima zao, bila ushahidi mwingine, mara nyingi si busara kuiendesha. Kesi 297 za Uingereza zikapitiwa upya. Kwangu hukumu hiyo ina uzito kuliko adhabu yoyote aliyopewa mtaalamu, kwa sababu inalipa jibu la "haijulikani" mahali pa kukaa.

Kabla ya kumsikiliza shahidi mtaalamu, muulize alisomea nini hasa. Charles Smith wa Toronto, Canada, alikuwa mwanapatholojia wa watoto, lakini hakuwa na mafunzo ya patholojia ya jinai, na kwa miaka mingi ndiye aliyekuwa wa kuaminiwa Ontario. Huko Kingston alisema msichana wa miaka saba aliyefariki 1997 alichomwa mkasi mara zaidi ya 80. Mama akawekwa ndani. Yalikuwa meno ya mbwa. Wataalamu kutoka nje walipopitia kesi zake 45 walikuta kasoro katika 20, na tume ya Jaji Stephen Goudge ikatoa ripoti 2008.

Mojawapo ni ya William Mullins-Johnson, aliyekaa gerezani miaka 12 kwa kifo cha mtoto wa ndugu yake, wakati zilizoitwa alama za unyanyasaji zilikuwa mabadiliko ya kawaida ya mwili baada ya kifo. Wanasheria wake walipotaka slaidi na vipande vya tishu vipimwe upya, waliambiwa havionekani. Vilikuja kupatikana ofisini kwa Smith.